Salfa Kwenye Bawa

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, na Ruponda nzima inajua sababu. Tatizo ni kwamba sababu wanayoijua siyo yenyewe. Wakinikuta njiani wananipa pole, halafu wanashusha sauti na kumsema kaka yangu, nami naangalia pembeni kama mtu anayetafuta bodaboda. Mguu umeshapona kadiri utakavyopona. Ninachoandika hapa ni huko kuangalia pembeni.

Kuruka nilijifunza kaskazini, nilikokwenda kuendesha gari la wageni waliokuwa wakipiga picha za wanyama kutoka angani. Chombo chenyewe kilikuwa bawa la kitambaa chepesi, pana kuliko nyumba yetu, lenye nyuzi nyingi zinazoshuka hadi kwenye mikanda ya kiti. Rubani anabeba mgongoni injini ndogo yenye pangaboi. Anakimbia hatua kumi au ishirini, bawa linajaa upepo na kusimama juu ya kichwa chake, anavuta mafuta, na miguu inaiacha ardhi. Aliyenifundisha alikuwa mwanamume mfupi mwenye hasira za karibu, aliyekwisha kuanguka mara mbili na asiyekuwa na subira na mtu ambaye hajaanguka bado. Alinipa daftari la shule. Kila chombo kikiharibika, niandike kilichotokea. Sharti lake lilikuwa moja: nianze na mimi. Hakutaka kusoma kwamba injini ilizima. Alitaka kusoma nilichofanya mimi kabla injini haijazima. Nikiandika vinginevyo aliuchana ukurasa mbele yangu na kunirudishia kalamu.

Kazi ya wageni wale ilipokwisha waliniachia chombo kimoja kikuukuu, kwa kuwa kukisafirisha waliona ni kujisumbua. Nikarudi nacho kwetu. Nilihangaika na maofisi mpaka nikapata kibali cha kurukia kwenye uwanja wa ndege wa Nachingwea, asubuhi tu, na si penginepo. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, na bado nilitembea na ile karatasi mfukoni kama mtoto aliyefaulu darasa la saba.

Kaka yangu alinipokea kwa kicheko. Ni mkubwa kwangu kwa miaka minane, na ndiye aliyenilea baba alipofariki. Kazi yake ilikuwa kupuliza salfa, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho isishambuliwe na ukungu. Watu wa Ruponda walimwita kwenye mashamba yao kwa sababu hakuruka mti hata mmoja. Na mashine ya kupulizia nayo ni injini ya kubebwa mgongoni. Inakunywa petroli iliyochanganywa na oili kama yangu, na kelele zake ni zilezile. Tena kazi yake ni ya alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike, na mimi nilitaka alfajiri kwa sababu upepo unakuwa umetulia. Basi tulikuwa tunasali pamoja, tunachota mafuta kwenye dumu moja, halafu kila mtu anajitwika injini yake, yeye kwenda shambani, mimi kwa pikipiki hadi Nachingwea.

"Mimi nabeba injini nipate korosho," alinitania. "Wewe unabeba upate nini, ntoto wa mama?"

"Nipate kuona mistari ya mikorosho yako ilivyopinda."

Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa anakohoa sana hata wakati ule, macho mekundu, sikio moja limekufa kwa makelele ya mashine. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na hilo lilinikera, maana mimi nalalamika hata chai ikipoa.

Ukurasa wa kwanza nilioandika nyumbani ni wa kijiji cha Mtua. Nilichota mafuta kwenye lile dumu la shambani bila kuyachuja. Ndani mlikuwa na unga wa salfa umeingia na mikono yetu, na unga ule uliziba chujio la injini nikiwa juu. Ghafla kelele zikakatika. Bawa lenyewe linaelea bila injini, halikuangushi, ila halikuulizi unataka kwenda wapi. Upepo ukanitoa nje ya uwanja na kunipeleka upande wa Mtua, nikatua katikati ya shamba la ufuta. Ilikuwa wakati wa mavuno. Mashina yamefungwa mafungu mafungu na kusimamishwa wima yakauke, vifuko vimeshaanza kupasuka kwa juu, na ukiangusha fungu moja mbegu zote zinamwagika mchangani. Mimi niliangusha mafungu tisa, na bawa likafunika mengine.

Mwenye shamba alikuwa mama wa makamo. Hakushangaa kuona mtu ametoka angani, wala hakuuliza kama nimeumia.

"Ufuta wangu!" alipiga kelele. "Ntu mzima, huna hata haya!"

"Nisamehe, mama. Injini imezima."

"Injini ndiyo imekanyaga ufuta?"

Akanipa ungo. Nilizoa mchanga na kupeta mpaka adhuhuri, magoti yakaniuma, yeye kasimama juu yangu akihesabu mafungu kwa kidole. Kwenye daftari niliandika: nilichota mafuta bila kuchuja. Nikaongeza swali la yule mama, kwa sababu lilifanana kabisa na maneno ya mwalimu wangu.

Ukurasa wa pili ni wa mkanda. Niliacha ncha ya mkanda wa kiti ikining'inia kwa sababu nilikuwa na haraka, pangaboi likaivuta, likavunjika vipande vitatu nikiwa bado nakimbia. Kipande kimoja kilipita jirani na sikio langu. Nilipeleka vilivyobaki kwa seremala wa Ruangwa, fundi hodari wa vitanda, akaunga kwa gundi na misumari midogo mpaka pakawa panavutia. Nilipowasha injini mtetemo ulinitikisa hadi meno. Nikaandika: niliacha mkanda ukining'inia. Chini yake: nilitaka kuamini kitanda kinaweza kuruka. Nilisubiri pangaboi jipya miezi mingi, na kaka kila jioni alikuwa ananiuliza kama ndege wangu ameota manyoya.

Naandika haya ili ieleweke kwamba nilikuwa najifunza. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mafuta nilichuja mara mbili, mikanda niliifunga na kuikagua kama mtu anayemvisha maiti sanda. Nilikuwa tayari kabisa kwa yale yaliyokwisha kunipata.

Mvua za masika zilipoanza, niliacha kuruka. Mara ya mwisho nilitua asubuhi yenye umande mzito, na badala ya kulianika bawa nikalikunja vilevile bichi, kwa sababu wingu lilikuwa linakuja na mimi nilikuwa na njaa. Sikuwa na mahali pa kuliweka isipokuwa stoo ya kaka, chumba chenye sakafu ya saruji na kufuli, alimohifadhi magunia ya salfa iliyobaki msimu uliopita. Wiki ya pili panya walitafuna kona ya begi la bawa. Nilimlalamikia kaka kama vile panya ni wake.

"Fanya chochote," nilimwambia. "Wasiliguse."

Kwetu mtu akitaka panya au siafu wasipite mahali, anamwaga salfa. Kaka alifanya hivyo. Aliimwaga kuzunguka begi, na kwa kuwa alinipenda akafungua begi akanyunyiza na ndani, kwenye kila mkunjo, kwa mkono, kama anavyopuliza mikorosho, bila kuruka mahali. Akaniambia siku hiyohiyo. Nikamjibu, "Umefanya vizuri."

Hapo ndipo ninapotaka kujipiga kofi. Mimi nimezaliwa kwenye salfa. Kila mtoto wa Ruponda anajua shati la kupulizia halimalizi msimu wa pili. Linalowa jasho na umande, unga unakaa humo, na siku moja mtu anainua mkono shati linaachia begani lenyewe. Mama yetu alikuwa hachanganyi mashati hayo na nguo nyingine kwenye beseni. Lakini bawa langu lilikuwa limeshonwa Ulaya, na mimi nilikuwa nimefundishwa kaskazini, na shati ni shati.

Mwezi wa sita binti wa kaka alikuwa anatoka unyagoni. Siku ya mwali kutoka ni siku ya ukoo. Ngoma zinakesha, mwali anatolewa asubuhi amevishwa kanga mpya, na ndugu wanashindana kutoa zawadi ya kusemwa. Kaka alikuwa na binti mmoja tu. Alinijia siku tatu kabla, amevaa kofia yake ya msikitini, akaniomba kwa adabu ambayo hakuwahi kunionyesha.

"Mdogo wangu, pita juu ya uwanja wa ngoma. Mwangushie kanga kutoka juu. Nkoa mzima utasimulia."

Kibali changu hakikufika Ruponda. Nilijua. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Asubuhi ile nilifungua begi nyuma ya stoo. Vumbi la njano liliruka puani. Nikaanza kukung'uta bawa, mkunjo kwa mkunjo, na kwenye ukingo wa nyuma, pale kamba ya kukatia kona inapofungwa, nikaona madoa ya rangi ya chai. Mwalimu wangu alinifundisha kipimo. Unashika kitambaa kwa vidole gumba viwili, unavuta. Kitambaa kizima kinakuumiza vidole. Nilivuta. Hakikuniumiza. Kilitoa mlio mdogo, na ufa ukafunguka, urefu wa ukucha.

Niliusikiliza ule mlio. Ng'ambo ya nyumba vigelegele vilikuwa vimeanza. Nikasikia jina langu linatajwa, mtu anawaambia wageni waangalie juu, shangazi wa watu wanagombea mahali pa kusimama. Nikatoa utepe wa gundi mfukoni, nikaubandika juu ya ufa, nikaupapasa kwa kiganja. Kisha nikafunga zile kanga kifuani kwa uangalifu mkubwa, ncha zote ndani, zisije zikavutwa na pangaboi. Nilijisifu kwa hilo. Kweli, nilijisifu.

Niliruka vizuri. Watu wanasahau hilo. Nilipita mara moja juu ya uwanja, nikaona mwali amefunikwa, na kaka amesimama kando yake ameinua mikono yote miwili. Niliporudi mara ya pili ili niangushe kanga nilikuwa chini sana, nikavuta kamba ya kushoto kwa nguvu ili nisiwapitie watu vichwani. Ukingo wa bawa ukaachia, kama bega la shati. Kamba ikabaki mkononi mwangu haina kazi. Bawa likajiviringisha, nikaingia kwenye mkorosho, tawi likanishika kidogo na kuniachia, na nilipofika chini niliona paja langu limepinda mahali ambapo paja halina kiungo.

Wa kwanza kunifikia alikuwa kaka. Alinishika kichwa, analia waziwazi, kofia imemtoka. Nyuma yake watu wamejazana. Mmoja akauliza, "Imekuwaje?"

Nikasema, "Salfa. Kaka aliweka salfa."

Haikuwa uongo. Ndiyo maana sikuona tabu kuisema. Niliisema tena garini, nikaisema hospitali, nikamwambia na ofisa aliyekuja na karatasi kuniuliza kwa nini niliruka nje ya uwanja niliopewa. Ningemweleza habari ya ufa na utepe wa gundi ingekuwa nimeruka nikijua, basi nilimpa salfa, akaandika salfa. Kibali walikifuta hata hivyo.

Nilikaa hospitali wiki nyingi, uzito wa mchanga umening'inizwa mguuni. Mtani wangu mmoja alikuja na ungo, akauweka kifuani kwangu, akasema amesikia nikianguka huwa napeta. Nilicheka mpaka mfupa ukaniuma. Halafu akaacha utani, akainama, akaniambia yanayosemwa Ruponda. Walikuwa wamekumbuka kwamba kaka, mwaka mmoja nyuma, alisema dukani mbele ya watu kwamba ipo siku atalikata turubai langu, ndivyo alivyoliita bawa, ashonee magunia. Sote tulicheka siku ile, mimi zaidi ya wote. Sasa haukuwa utani tena. Alimwonea wivu mdogo wake, walisema. Alimtega kwenye sherehe ya binti yake mwenyewe, ili asishukiwe.

"Ni kweli?" mtani akaniuliza.

Nikamjibu, "Mungu ndiye anajua."

Nimesema mambo mabaya maishani, nimetukana watu, nimeapa uongo kwa trafiki. Hakuna neno linalonirudia kama hilo. Mungu alijua, na mimi nilijua, na ilikuwa zamu yangu kusema.

Msimu ule wa kupuliza ulipofika, hakuna aliyemwita kaka. Walisema aliyemtilia salfa ndugu yake, mikorosho ya watu ataitilia nini. Msikitini walimpisha safu, ndivyo nilivyosimuliwa, wakaacha nafasi kila upande wake. Alikuja kuniona mara nne hospitali, kila mara na uji wa mke wake kwenye chupa, na kila mara alikaa akitazama mguu wangu akisubiri kitu. Nilidhani anasubiri nimsamehe. Mara ya nne nikamwambia, "Nimekusamehe, kaka." Akanyanyuka, akachukua chupa yake, akaondoka. Baada ya mavuno alihamisha familia kwenda Mbwemkuru, upande wa Ruangwa, kwenye kipande cha shamba cha wakwe zake. Mashine ya kupulizia aliiacha stoo.

Kwenye daftari ukurasa wa tatu uliandikwa hospitali. Mstari wake wa kwanza ulisema: kaka aliweka salfa kwenye bawa. Hakukuwa na mtu wa kuuchana.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, nilikuwa natafuta chujio la pikipiki nikalikuta daftari. Nikasoma Mtua, nikasoma mkanda, nikasoma huo wa tatu, na nikaona aibu ambayo sikuiona nilipokuwa naandika. Nikauchana mwenyewe. Nikaandika upya: nilikunja bawa bichi. Nilimwambia afanye chochote. Nilisikia kitambaa kikichanika nikaweka gundi. Nilisema jina lake badala ya langu. Kesho yake nikawasha pikipiki kwenda Mbwemkuru, mguu mfupi haukanyagi gia vizuri, daftari limefungwa tumboni.

Nilimkuta anapalilia mbaazi. Amekonda. Shati alilovaa lilikuwa zima, la kwanza zima kumwona nalo maishani mwangu. Binti yake alikuwa uani, ameshakuwa mama wa mtoto, na hakunipa shikamoo. Aliingia ndani na mtoto wake akafunga mlango.

Nilimwamkia kaka, tukakaa chini, nikamsomea. Ilibidi nipaaze sauti kwa ajili ya sikio lake, kwa hiyo nilikiri kwa kupiga kelele, na nina hakika mle ndani walisikia kila neno. Nilipomaliza alichuma jani moja la mbaazi akalikunja vidoleni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilikuwa mlangoni mwa stoo. Nilikuona unakung'uta, nikaona unavuta, nikaona unabandika. Nikasema, mdogo wangu kasoma, anajua kazi yake."

Sikuweza kumtazama. "Mbona hukusema, kaka? Walipokusema vile, mbona hukusema?"

"Nani angeniamini mimi, wewe ukiwa umelala na mguu ule? Nilikuja hospitali mara nne useme wewe."

Akakohoa kwa muda mrefu. Nikadhani ameshanijibu, nikaanza kulia, nikamwomba anisamehe, nikashika magoti yake. Aliuondoa mkono wangu taratibu, kama mtu anayetoa majani kwenye nguo.

"Watu wa Ruponda umewasomea hilo daftari?"

"Bado."

"Basi bado hujasema," alisema. "Mimi nilikuwa najua."

Akashika jembe lake, akarudi kwenye mstari wake wa mbaazi.

Ijumaa iliyofuata nilisali Ruponda. Daftari lilikuwa chini ya kanzu. Baada ya swala watu walikaa barazani kama kawaida, wote wale waliompisha kaka safu, na mmoja wao akanisogezea mkeka kwa ajili ya mguu, akanipa pole, akashusha sauti. Nilifungua mdomo. Nikasema mguu unaendelea vizuri, alhamdulillahi. Nikavaa viatu nikaondoka.

Ijumaa nyingi zimepita tangu hiyo, na daftari limeshapinda kwa jasho. Nimeona niandike, labda maandishi yatafika nisikoweza kufika mwenyewe. Na humu pia nimejificha, maana sijaandika jina la mtu hata mmoja, na la kwanza kuliacha ni langu.